Betri ya lithiamu iliyogoma kuchaji asubuhi: uchambuzi wa kisa kimoja cha Makete

Kisa hiki ni cha kweli ila majina, kijiji na kampuni iliyouza mfumo nimeviondoa, na vitu vidogo vya familia nimevibadilisha ili mtu asitambulike. Naandika kwa ajili ya mafundi sola na wenye nyumba wa sehemu za baridi, maana karibu kila tunachofundishwa kuhusu betri kinahusu joto, usiiweke juani, usiibane, iachie hewa, na kiukweli kwa mtu wa Dar au Mombasa hayo yanatosha kabisa. Kwa mtu wa Makete kule Njombe au Kinangop ya Kenya hayatoshi.

Nyumba na mfumo wenyewe

Nyumba iko juu kabisa ukielekea uwanda wa Kitulo, mwinuko unaozidi mita 2,500. Anayepafahamu anajua, mwezi wa 6 na wa 7 unaamka majani ni meupe, ndoo iliyolala nje ina utando wa barafu unaouvunja kwa kikombe, na saa 2 asubuhi watu bado wamejifunika blanketi wanaota moto jikoni. Mchana jua linawaka vizuri tu, baridi ni ya usiku na asubuhi.

Wanaoishi pale ni mzee mstaafu, mkewe, na kijana wao anayefuga kuku. Laini ya umeme iko mbali na boma lao kwa hiyo miaka yote wametumia sola, kwanza kwa betri za jeli nne ambazo zilichoka ndani ya miaka 3, halafu wakajikusanya wakanunua lithiamu. Mfumo mpya ulikuwa hivi: paneli 3 za wati 550, inveta ya kilowati 5 ya volti 48, na betri moja ya LFP (lithiamu ya chuma na fosfeti) ya volti 51.2 na Ah 100 (ampea-saa), yaani seli 16 zimepangwa mfululizo ndani ya boksi la chuma la kilo kama 45, uwezo wake yuniti 5 na kidogo. Ndani ya boksi kuna BMS, ile bodi inayolinda seli, inapima volti, ampea na joto, na ina mamlaka ya kukata kuchaji peke yake au kutoa peke yake au vyote viwili.

Matumizi hayakuwa makubwa: taa, tivii, friji ndogo, simu, na mashine ya kutotolesha vifaranga ya mayai zaidi ya 100. Hiyo mashine ndiyo roho ya mfumo maana haitakiwi kuzimika usiku, mayai yakipoa masaa kadhaa hasara inaanza kuhesabika.

Ufungaji ulifanyika mwezi wa 2. Mzee alikuwa amesikia habari za betri za lithiamu kulipuka akakataa kabisa isilale ndani ya nyumba na watu, na feni ya inveta nayo ina kelele, basi wakajenga kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, upande wa kusini, sakafu ya zege, betri ikakaa chini moja kwa moja juu ya zege. Fundi akaacha matundu makubwa ya hewa pande mbili, akiwaza joto. Siku ile kibandani kulikuwa na joto zuri na kila mtu aliridhika.

Hapa kuna kitu nataka mkishike. Makete iko kama digrii 9 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwishoni mwa mwezi wa 2 jua la mchana linapita karibu utosini, kibanda cha kusini kinalipata vizuri. Mwezi wa 6 jua limehamia kaskazini, na nyumba yenyewe pamoja na mipaina ya nyuma vinaweka kibanda kivulini mpaka jua lipande sana. Eneo lilelile, kibanda kilekile, lakini betri imehamia kwenye hali ya hewa nyingine kabisa na hakuna aliyeigusa.

Mambo yalivyoanza

Mwezi wa 3 mpaka wa 5 hakuna shida, asubuhi paneli zinaanza, saa 7 mchana betri imejaa. Katikati ya mwezi wa 6 umeme ukaanza kukatika usiku, mara ya kwanza saa 10 alfajiri, baadaye saa 8 usiku. Kijana akaanza kuamka usiku kufunika mashine kwa mablanketi.

Kilichowachanganya ni kwamba asubuhi jua kali linawaka, paneli zinang'aa, lakini inveta inaonyesha paneli zinatoa wati 180 tu, yaani zile zinazotumika na friji na mashine, kwenda kwenye betri hakuna kitu. Mara nyingine inveta inapiga kelele inadai volti ya betri imepanda sana. Ikifika saa 5 au saa 6 ghafla betri inakubali, wati zinapanda mpaka 1,200 na zaidi, halafu saa 9 ukungu unashuka kutoka mlimani na siku imeisha. Kila siku betri inalala ikiwa pungufu kuliko jana.

Na kingine, taa zinawaka kama kawaida alfajiri ileile ambayo betri imegoma kupokea. Mtu yeyote ataona betri ni nzima, tatizo litakuwa paneli.

Fundi wa kwanza, jiko la mkaa, fundi wa pili

Fundi wa kwanza alifikiri hivyohivyo. Akaosha paneli, akabadilisha viunganishi vya waya vilivyokuwa na kutu kidogo, akapima volti za paneli akakuta ziko juu kuliko alivyozoea, akahisi inveta imeanza kufa upande wa sola. Ile volti ya juu haikuwa ugonjwa, paneli ikiwa baridi volti yake hupanda, kama asilimia 0.3 hivi kwa kila digrii inayoshuka, ndiyo maana asubuhi ya baridi yenye jua ni wakati mzuri sana wa paneli. Uchungu wa kisa hiki uko hapo, saa ambazo paneli zina nguvu nzuri ndizo betri ilikuwa imefunga mlango.

Wakampigia aliyewauzia, akajibu betri haina shida, acheni ipate jua. Mama mwenye nyumba, ambaye hakuna mtu aliyemwambia habari za digrii, ndiye wa kwanza kugundua. Alimwambia mumewe, "Baba fulani, hii betri inasikia baridi kama sisi, mbona mchana ikishapata joto inakubali?" Mzee akachukua jiko la mkaa akaliweka kibandani usiku. Asubuhi betri ilichaji mapema kweli, lakini lile jambo lilikuwa la hatari sana, mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, cheche ziko karibu na waya, na mvuke ulioganda kwenye mabati ya juu ukayeyuka ukawa unadondokea kwenye boksi. Nilikuta alama za matone zimeshuka mpaka kwenye bolti za waya, na bolti moja imeanza kuota ukijani.

Fundi wa pili alikuwa mjanja zaidi. Akaunganisha simu na betri kwa Bluetooth, akafungua programu ya BMS akakuta onyo kwamba kuchaji kumezuiwa kwa sababu joto liko chini. Kiwanda kilikuwa kimeweka hivi: seli zikifika digrii 0 usichaji, zikipanda mpaka digrii 5 ruhusu tena. Hapo sasa alikuwa ameshika ugonjwa wenyewe mkononi. Nenosiri la BMS lilikuwa lilelile la kiwandani, akaingia kwenye seting, ile 0 akaifanya kuwa −20, akahifadhi. Betri ikaanza kupokea palepale, asubuhi na mapema, na jua likipanda ampea zinafika karibu 28. Familia ikafurahi, fundi akalipwa, na kwa wiki kama nne umeme haukukatika.

Halafu ukaanza kukatika tena, na safari hii hata siku ambayo betri imejaa asilimia 100 mchana.

Nilichokikuta

Hapo ndipo nikaitwa mimi. Mzee alinipokea vizuri, nikamwamkia, akanionyesha kibanda, akasema, "Fundi, mimi nataka kujua kitu kimoja tu, nimenunua kitu kibovu au nimekiharibu mwenyewe?" Nikamwomba nipime kwanza kabla ya kujibu.

Niliacha kipima joto chenye waya mrefu kibandani usiku kucha. Kabla ya alfajiri hewa ya ndani ilifika −2, na ubavu wa chini wa boksi, ule unaogusa zege, ulikuwa 0. Sensa za BMS zilikuwa zinasoma digrii 2. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu sensa zilikuwa upande wa juu karibu na bodi inayotoa kajoto kidogo, wakati seli za chini zimelala juu ya sakafu baridi kama jiwe. Yaani hata ile kinga ya 0 ya kiwandani ilikuwa inachelewa, BMS ikiona 0 kuna seli zilishapita huko zamani.

Inveta ilikuwa kwenye mpango wa betri za zamani, ule wa kujiwekea volti kwa mkono, na kebo ya mawasiliano kati yake na BMS haikuwahi kuunganishwa, ilikuwa bado imefungwa kwenye nailoni yake. Kwa hiyo inveta ilikuwa inakisia asilimia za betri kwa kuangalia volti. Kwa LFP ni ukisiaji mbaya, volti yake inakaa karibu palepale kuanzia asilimia 20 mpaka 90, na kwenye baridi ni mbaya zaidi kwa sababu ukinzani wa ndani unapanda, ukisukuma ampea kidogo volti inaruka juu, inveta inaandika asilimia 95 kumbe ndani kuna 60. Ndiyo maana betri "iliyojaa" ilikuwa inaisha saa 8 usiku. Na ile seting ya kusawazisha betri za maji, inayopandisha volti kila baada ya siku kadhaa, ilikuwa imewashwa. Kwa lithiamu haitakiwi kabisa.

Sensa ya joto ya inveta kwa bahati haikuunganishwa. Ingekuwepo ingeongeza balaa, maana kwenye mpango wa betri za risasi (zile za maji na za jeli) chaja hupandisha volti kukiwa na baridi, milivolti 3 mpaka 5 kwa kila seli kwa kila digrii, ukipiga hesabu ya seli 24 na digrii 20 chini ya 25 unapata volti 1.4 mpaka 2.4 za nyongeza. Betri ya seli 16 za LFP kikomo chake ni 58.4, na ukijumlisha nyongeza hiyo na volti ya kawaida ya kuchaji unaweza kukipita.

Ile −20 nikairudisha kuwa 0, nikasubiri mchana betri ipate joto, nikaichaji polepole mpaka ikajaa kweli, halafu nikaimaliza kwa mzigo ninaoujua. Ilitoa Ah 80 na kidogo badala ya 100. Seli 3 zilikuwa zinaanguka volti kabla ya wenzake na BMS inakata kwa sababu ya hizo 3 ingawa zilizobaki bado zina chaji. Zote 3 ni za safu ya chini.

Kwa nini baridi inafanya hivi

Betri ya lithiamu ikichaji, ayoni za lithiamu zinatoka upande mmoja zinapita kwenye kimiminika zinaenda kuingia ndani ya grafaiti ya upande wa pili. Kuingia huko kunataka muda, na baridi inapunguza kasi yake sana. Fikiria vibarua wanaoshusha magunia ya viazi ghalani, mlango umekuwa mwembamba lakini lori linazidi kushusha kwa kasi ileile, magunia yatarundikana nje ya mlango. Kwenye betri hayo yaliyorundikana ni lithiamu inayoganda kama chuma juu ya uso wa grafaiti badala ya kuingia ndani. Sehemu yake inaweza kurudi betri ikitumika, sehemu inakatika na kubaki imekufa, hairudi tena, na uwezo wa betri umepungua moja kwa moja. Ikizidi, hicho chuma kinaweza kuota vijimiba vinavyoelekea upande wa pili, vikifika kuna shoti ndani ya seli.

Kutoa chaji ni safari ya kinyume, ayoni zinatoka kwenye grafaiti, huko hakuna hatari hiyo. Ndiyo maana betri nyingi za LFP karatasi yake inaandika kuchaji kuanzia digrii 0 lakini kutumia mpaka −10 au −20. Zinatoa pungufu kidogo na volti inashuka zaidi ukiweka mzigo mkubwa, basi. Na kukaa tu kwenye baridi bila kuchajiwa hakuiumizi.

Ila watu wanaisoma hiyo 0 kana kwamba ni geti, chini hapana, juu ruksa ya kila kitu. Sivyo. Kati ya 0 na 10 betri inapokea lakini inataka ampea ndogo, kwenye digrii chache juu ya sifuri watengenezaji wengi wanataka sehemu 1 ya 10 ya uwezo au chini ya hapo, kwa betri hii ni ampea 10 au pungufu. Hii betri ilikuwa inapewa mpaka 28 kwenye joto la karibu na 0, kila asubuhi, wiki nne. Siwezi kuipasua seli nikaona, lakini historia ile, na kwamba zilizoumia ni za chini zinazogusa zege, mimi sina shaka.

Maamuzi na sababu zake

Tulikaa jikoni na familia nzima tukapitia njia zilizopo.

Kununua betri nyingine yenye hita ndani, zipo, sola ikiamka inapasha seli kwanza halafu ndiyo inachaji. Nzuri lakini hela haikuwepo, na kuitupa betri yenye Ah 80 ni kosa.

Kubaki kibandani na kutengeneza boksi lenye sponji nene na hita ndogo yenye swichi ya joto. Hesabu yake inavutia kuliko watu wanavyodhani, kupandisha kilo 45 za betri kwa digrii 10 kunataka kama yuniti 0.125, yaani sehemu 1 ya 8 ya yuniti, kitu kidogo sana ukilinganisha na asubuhi nzima ya jua inayopotea. Shida ni kile kibanda, hita bila kuziba upepo inapasha Kitulo nzima, na nani atahakikisha haishiki moto usiku.

Kijana akapendekeza betri ilale chumba kimoja na mashine ya vifaranga, kule kuna joto muda wote. Wazo la akili, na kwa joto peke yake lingefanya kazi, lakini mashine inatunza unyevu mwingi na vifaranga wakitoka wanajaza vumbi na manyoya, vyote viwili sivitaki karibu na bolti za volti 51. Nikamwambia hapana na nikamweleza kwa nini.

Iliyobaki ni kuiingiza ndani ya nyumba, na hapo kizuizi kilikuwa hofu ya mzee. Sikumwambia hofu yake haina msingi kwa sababu ina msingi. LFP ni tulivu kuliko aina nyingine za lithiamu, haishiki moto kirahisi, lakini ikiharibika inatoa gesi inayowaka, na hii yetu ilikuwa imeshaumizwa. Kwa hiyo tuliweka masharti: siyo chumba cha kulala, siyo njia ya kutokea, siyo ukuta mmoja na jiko la kuni. Kulikuwa na stoo ya ndani kati ya jikoni na ukumbi, ya matofali, ina dirisha dogo. Mzee akakubali baada ya kuona mlango wake unafunguka kuelekea uani. Tukaweka na king'amuzi cha moshi.

Betri ikapanda kwenye stendi ya mbao sentimita 30 kutoka chini, haigusi ukuta wa nje. Kabla ya kuiwasha tuliiacha ikae mpaka jioni, kwa sababu ukiingiza chuma baridi kwenye chumba chenye joto la binadamu na mvuke wa jikoni maji yanatoka juu yake, niliyaona kabisa yanateremka kwenye boksi, tukafuta, tukasubiri ikauke.

Seting zikawa hivi: kinga ya BMS isimamishe kuchaji ikifika digrii 5 na iruhusu ikifika 8, niliipandisha makusudi kwa sababu ya zile sensa za juu. Ampea za juu kabisa za kuchaji 20. Volti ya kuchaji 56, ya kutulia 54, kusawazisha zima. Kebo ya mawasiliano ikatolewa kwenye nailoni ikachomekwa, ikabidi kujaribu itifaki mbili (lugha za mawasiliano) kwenye inveta mpaka zikasikilizana, na kuanzia hapo BMS yenyewe ndiyo inayoiambia inveta nipe ampea kadhaa, nimepoa punguza, nimejaa acha. Asilimia zikaanza kuwa za kweli. Nenosiri likabadilishwa, mzee analo kwenye daftari lake.

Matokeo

Stoo haikushuka chini ya digrii 11 kwa baridi iliyobaki ya mwaka ule, bila hita yoyote, kwa joto la nyumba tu. Betri inaanza kupokea mara jua linapogusa paneli, saa 1 na nusu hivi, na saa 8 mchana imejaa hata kwa ampea 20. Umeme haukatiki usiku. Wakati wa zile wiki mbaya kijana alipoteza mayai mengi ya mzao mmoja, hayo hayakurudi.

Ah zilizopotea nazo hazikurudi. Seli 3 zilisogea kidogo karibu na wenzake baada ya kusawazishwa na BMS kwa wiki kadhaa, lakini uwezo umebaki pale kwenye 80 na kitu. Aliyeuza alikataa waranti baada ya kuona kumbukumbu za BMS zina kuchaji chini ya sifuri na seting imebadilishwa. Kwa upande huo sikuwa na hoja ya kumtetea mzee. Kwa upande mwingine nilikuwa nayo, kwamba mfumo uliofungwa na watu wao haukuwa na kebo ya mawasiliano na ulikuwa kwenye mpango wa betri ya risasi, wakakubali kupunguza bei ya betri ijayo. Siyo haki kamili lakini ni kitu.

Na lile swali lake nilimjibu: ulinunua kitu kizima, kikafungwa mahali pabaya, na kilipojikinga kikanyang'anywa kinga yake.

Nilivyolitazama jambo lote

Kilichofanya kazi vizuri kuliko vyote ni ile BMS ya kiwandani. Mwezi wa 6 ilikuwa inaonekana kama tatizo na ndiyo iliyokuwa inaiokoa betri. Ikigoma kuchaji asubuhi na ikakubali mchana bila mtu kugusa kitu, angalia joto kwanza kabla ya kushika paneli, kipima joto cha bei ndogo kingewaokoa hela ya fundi wa kwanza.

Mama mwenye nyumba alitazama vizuri kuliko sisi wote wenye vifaa, na hakuna aliyemuuliza. Fundi akifika anaongea na mzee, mzee anasimulia alichokiona jioni, wakati anayeamka saa 11 na kuona kila kitu ni mama.

Fundi wa pili simlaumu kwa kutojua kemia, namlaumu kwa kitu kimoja, alisoma onyo akalielewa halafu akaliondoa bila kumwambia mwenye betri maana yake. Wateja wetu wanatulipa kwa kuona taa imewaka, kwa hiyo kishawishi ni kikubwa na kitamkuta kila fundi. Ile namba ya joto usiishushe, ukitaka kuigusa ipandishe. Kama mteja anabanwa sana, punguza mzigo wa usiku au ongeza paneli ya kujaza mchana, betri ipelekwe kwenye joto.

Na yule wa kwanza kabisa, aliyefunga, alifanya kazi safi kwa mujibu wa alichofundishwa, waya zimenyooka, fyuzi zipo, matundu ya hewa yapo. Alichokosa ni kuuliza mwezi wa 7 hapa panakuwaje. Swali hilo mwenyeji yeyote angemjibu.

Kwa walioko kwenye baridi kali zaidi

Ndugu zetu wa Minnesota, Alberta au Norway mkiweka betri gereji isiyo na hita mambo yenu ni mengine, huko gereji inaweza kukaa chini ya sifuri wiki nzima, hakuna mchana wa kuikomboa. Hapo betri yenye hita ndani au chumba cha chini chenye joto ni lazima, na muulize hita inakula wapi, kwenye sola na gridi au kwenye betri yenyewe, kwa sababu inayojila yenyewe siku za giza inaweza kuisha ikijipasha. Kama ni nyumba ya mapumziko inayofungwa wakati wa baridi, iache na chaji ya kati, zima kila kitu, tenganisha paneli, na ukirudi usiwashe kuchaji mpaka seli zenyewe zipate joto, siyo hewa ya chumba tu. Boksi la kilo 45 linachelewa masaa.

Betri ya pili

Mwaka huu mzee anataka kuongeza betri nyingine, kijana amepata mashine kubwa zaidi. Swali ni kama aiunge sambamba na hii iliyoumia. Inawezekana kama ni aina ileile, volti zimelinganishwa kwanza kabla ya kuunganisha, na BMS zote mbili zinaongea na inveta, lakini ile mpya itabeba mzigo mkubwa zaidi na zile seli 3 dhaifu zinaweza kuifanya ya zamani ijitoe mapema, mzigo wote uruke kwa mpya ghafla. Nimemshauri ampea za zote mbili kwa pamoja zibaki ndani ya uwezo wa betri moja peke yake, zote zikae stoo ya ndani, na sensa za ile mpya tuzijue ziko wapi kabla haijapanda kwenye stendi. Kipimo cha uwezo cha ya zamani tutakirudia mwezi wa 5, kabla ya baridi. Ikiwa imeshuka chini ya Ah 70, hatuziungi, ya zamani itabaki na taa na tivii kwenye inveta ndogo ya peke yake.